Baba atagharimia safari moja tu: nitalinganishaje vyuo vya muziki?

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 19, mkazi wa kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Dodoma. Mwezi uliopita nilimaliza mtihani wa kidato cha sita katika tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na sasa nasubiri matokeo. Tangu nikiwa shule ya msingi napiga kinanda katika kwaya ya vijana ya kanisani kwetu, na siku hizi mwalimu wa kwaya huniachia niwafundishe waimbaji wa sauti ya pili nyimbo mpya. Noti za sol-fa (do, re, mi) nazisoma bila shida, lakini zile za mistari mitano nazifahamu kwa kubahatisha. Babu mzaa baba ni mpigaji wa zeze, na kwake nimejifunza nyimbo kadhaa za Kigogo pamoja na kupiga ilimba, ala ya Kigogo ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ingawa bado sijathubutu kupiga mbele za watu.

Ninataka kusomea muziki na baadaye nifundishe. Baba, ambaye ni mkulima wa zabibu, hakunikatalia. Alisema atagharimia safari moja ya kwenda kuviona vyuo, kisha nimletee jina la chuo kimoja pamoja na sababu ambazo mtu asiyejua muziki anaweza kuzielewa. Nimeandika majina manne: Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kilichoko Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na Dhow Countries Music Academy ya Unguja.

Ninaogopa kuipoteza safari hiyo. Mwaka jana nilihudhuria mahafali ya binamu yangu katika chuo kingine, ambacho hakimo kwenye orodha yangu, na bendi ya wanafunzi ilipiga vizuri sana. Hata hivyo, nilipoomba kuona vyumba vya mazoezi niliambiwa vimefungwa, na mwenyeji wetu hakuweza kunitajia jina la mwalimu wa kinanda. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi, lakini sikuwa nimejua lolote kuhusu masomo yenyewe.

Sasa kila mtu ana lake. Mjomba anasema nisiende popote mpaka matokeo yatoke. Mwalimu wa kwaya anasema nitafute penye shahada tu, mengine ni kupoteza muda. Babu ameniuliza kama huko niendako watanifundisha au watanisahaulisha, na nilikosa la kumjibu. Naomba unisaidie, Mwalimu: niende lini, nitazame nini, niulize nini, na nitavipimaje vyuo hivi ili nisimdanganye baba wala nisijidanganye mwenyewe?

Mpiga kinanda, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenipa furaha, kwa sababu ni wanafunzi wachache wanaoomba kuviona vyuo kabla ya kuvichagua, na ni wazazi wachache zaidi wanaokubali kutoa nauli kwa ajili ya jambo hilo. Mfikishie baba yako shukrani zangu.

Nianze na ushauri wa mjomba, kwa kuwa ndilo jambo lenye haraka. Kwa heshima zote, naomba usiufuate. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei, matokeo kwa kawaida hutangazwa Julai, na ni baada ya hapo ndipo maombi ya udahili wa vyuo vikuu yanapopamba moto. Lakini muhula wa pili wa vyuo vikuu vingi nchini nao huishia katika wiki hizo hizo, kisha wanafunzi hutawanyika hadi Oktoba au Novemba. Ukisubiri matokeo utawakuta walinzi, majengo na ofisi ya udahili, na wote watakupokea vizuri, ila hutamkuta mwanafunzi hata mmoja akifundishwa. Wiki hizi za Juni ulizonazo sasa ndizo za kwenda, wakati vipindi bado vinaendelea na mitihani ya muhula haijaanza. Piga simu kabla ya kuondoka, uulize kwa kila chuo tarehe ya mwisho ya vipindi na tarehe ya kuanza mitihani, maana kalenda hubadilika mwaka hadi mwaka na chuo hadi chuo. Chuo cha Unguja hakifuati kalenda ya vyuo vikuu, kwa hiyo usikisie ratiba yake kwa kuangalia ya wengine.

Pili, nenda siku ya kawaida. Umekwisha kujionea mwenyewe kwamba mahafali hayamfundishi mgeni kitu kuhusu masomo, na ndivyo yalivyo matamasha pia. Tamasha la Bagamoyo linavutia, na Sauti za Busara, ambalo hufanyika Mji Mkongwe kila Februari, huwaleta Unguja wanamuziki hodari kutoka pande nyingi za Afrika. Ukijaaliwa, yaone yote mawili kwa raha zako. Lakini chuo utakachoishi ndani yake kwa miaka 3 ni kile cha Jumanne saa nne asubuhi, wakati mwalimu amesimama mbele ya wanafunzi 12 na mmoja wao amekosea noti ileile kwa mara ya nne. Tazama mwalimu anafanya nini hapo. Je, anamwambia mwanafunzi arudie tu, au anamwonyesha kidole kinapokwama, anampunguzia mwendo, anamwimbisha ile sauti kabla ya kuipiga? Ukikaa katika kipindi kimoja cha namna hiyo, kwa ruhusa ya mwalimu, utapata taarifa ambazo hazimo katika kipeperushi chochote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua, na ningependa ulipe uzito kuliko mengine yote. Muziki haufundishwi kwa mhadhara peke yake. Nadharia, historia ya muziki na mafunzo ya sikio vinaweza kufundishwa kwa darasa zima, lakini ala hufundishwa kwa mtu mmoja mmoja, au kwa kikundi kidogo sana, na mwalimu anayesikia kosa lako wewe. Kwa hiyo swali la kwanza katika kila chuo liwe hili: nani hasa atanifundisha kinanda, kwa muda gani kila wiki, na tutakuwa wanafunzi wangapi katika kipindi hicho? Usiridhike na jibu kwamba walimu wapo. Omba jina, uliza kama ni mwajiriwa wa chuo au hualikwa kutoka nje kwa muhula, na uulize ilikuwaje kwa wanafunzi wake mara ya mwisho alipopata udhuru. Ikiwezekana, omba kuonana naye na kumpigia wimbo mmoja. Mwalimu mwenye moyo wa kufundisha atakusikiliza hata kwa dakika chache, naye atakuambia neno moja au mawili kuhusu mikono yako au ukaaji wako. Katika dakika hizo utatambua kama unaweza kujifunza chini yake.

Swali la pili linafuatana na hilo: kati ya kipindi kimoja na kingine, nitafanyia mazoezi wapi? Mwanafunzi wa muziki huimarika katika saa anazokaa peke yake na ala, na chuo kisicho na nafasi ya mazoezi kinakuwa kimempa mwalimu mzuri kazi isiyokamilika. Omba kuviona vyumba vya mazoezi, na ukiambiwa vimefungwa, uliza kwa adabu ni nani mwenye ufunguo na anapatikana saa ngapi, kwa sababu swali hilo ndilo litakalokuwa lako kila jioni utakapokuwa mwanafunzi. Uliza kama wanaolala hosteli huruhusiwa kufanya mazoezi usiku, na kama binti anaweza kurudi bwenini kwa usalama saa hizo. Hesabu ni piano au vinanda vingapi vinavyofanya kazi, kisha uliza wanafunzi wangapi wanavigombea. Ukiruhusiwa, bonyeza vitufe vya piano kimoja kimoja kutoka chini hadi juu, usikilize vinavyokwama na vile ambavyo nyuzi zake zimelegea. Hewa ya pwani yenye chumvi na unyevu huziharibu piano upesi, na chuo chenye kujali huwa na fundi wa kuzipanga sauti ambaye wanafunzi wanamfahamu kwa jina. Ala zikiwa za umeme, uliza hufanyikaje umeme unapokatika.

Kisha watafute wanafunzi wa mwaka wa pili. Wa mwaka wa kwanza bado wana hamu ya ugeni, na wa mwaka wa mwisho mawazo yao yamekwisha kuhamia kwenye ajira. Wa mwaka wa pili wamekwisha kuzijua raha na karaha za mahali hapo na hawana sababu ya kukuficha. Waulize leo wanaweza kupiga nini ambacho hawakukiweza walipoingia, na uwaombe wakupigie. Uliza pia kuhusu wenzao walioacha masomo, kwamba waliondoka kwa sababu gani. Ikiwa wengi waliondoka kwa ada, hilo ni tatizo la nchi nzima. Ikiwa waliondoka kwa kukosa walimu, hilo ni la chuo.

Kuhusu vyuo vyako vinne, naona umechagua kwa busara, ingawa vyuo hivi havifanyi kazi moja, na ndiyo maana kuvipanga kwenye ngazi kutoka cha kwanza hadi cha nne ni vigumu. Makumira ni chuo kikuu chenye mizizi katika Kanisa la Kilutheri, kiko Usa River kwenye barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, na kina shahada ya kwanza ya muziki ambamo muziki wa Kiafrika husomwa sambamba na ule wa noti. Kwa mtu aliyelelewa katika kwaya kama wewe, mazingira yake hayatakuwa mageni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha muziki ndani ya Idara ya Sanaa Bunifu, pamoja na sanaa za maonyesho na nyinginezo, na faida yake kubwa ni upana: wahadhiri wa historia, lugha na fasihi wako hatua chache kutoka darasani kwako, jambo lenye maana kwa mwanafunzi wa HKL.

TaSUBa ilianza mwaka 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufanywa wakala wa serikali mwaka 2007. Mafunzo yake ya astashahada na stashahada yamejengwa juu ya utendaji: mwanafunzi wa muziki anaishi karibu na wachezaji ngoma, waigizaji na mafundi wa jukwaa, na huzoea kusimama mbele ya watu mapema. Chuo cha Unguja, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002, ndiko kwa kwenda anayetaka taarabu kwa undani wake, yaani ala zake za nyuzi kama udi, kanuni na fidla, pamoja na akodiani na ngoma, na huko mji wenyewe ni sehemu ya darasa, kwa kuwa kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka 1905 bado kipo. Ni chuo ninachokipenda sana. Lakini hukuniandikia kwamba unataka taarabu. Uliandika kwamba unataka kufundisha, kwa hiyo kwa safari hii moja ningekiweka pembeni, isipokuwa kama moyo wako una jambo ambalo hukulitia katika barua.

Swali la babu yako halipaswi kuchukuliwa kama hofu ya mzee. Mimi nalihesabu kuwa swali bora kuliko yote yaliyomo katika barua yako, na ungeliuliza kwa kila chuo kwa maneno haya: je, zeze na ilimba hufundishwa hapa na mwalimu anayezijua, na je, mtahiniwa anaweza kufanya mtihani wake wa utendaji kwa ala hizo na kupata alama sawa na anayepiga piano? Kuna tofauti kubwa kati ya chuo kinachozitundika ala za asili ukutani na chuo kinachozitahini. Mgogo mwenzako, marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliuchukua muziki wa ilimba na zeze kutoka Dodoma hadi Bagamoyo, akafundisha katika chuo kile, na akaupeleka kwenye majukwaa ya dunia akiwa na kikundi chake cha Chibite. Hakulazimika kuacha alichofundishwa kwao ili aitwe mwanamuziki. Basi utakapoitwa kwenye usaili, piga kinanda kwanza, kisha omba upige ilimba. Mwambie babu akusikilize kila jioni kuanzia leo mpaka woga huo wa kupiga mbele za watu upungue.

Wala usione aibu kwa kusoma sol-fa peke yake. Imekupa sikio la kujua umbali kati ya sauti na sauti, na hilo ndilo gumu zaidi. Mistari mitano ni njia nyingine ya kuandika kitu ambacho sikio lako tayari linakijua. Anza sasa kwa kuchukua wimbo mmoja wa kwaya unaoufahamu kwa sol-fa, uunakili katika mistari mitano, mwalimu wako akukosoe. Kwenye vyuo unavyotembelea, uliza kama wanaoingia na sol-fa tu hupewa masomo ya kuwainua katika muhula wa kwanza au huachwa wajitafutie.

Mwalimu wa kwaya ana hoja kuhusu shahada, lakini ameibana mno. Anayetaka ualimu hupata manufaa ya shahada katika ajira, hilo ni kweli. Hata hivyo, stashahada yenye matokeo mazuri inaweza kuwa mlango wa kuingilia chuo kikuu baadaye, na kwa mwanafunzi ambaye mikono yake bado inahitaji mazoezi mengi, miaka ya stashahada katika utendaji si muda uliopotea. Jambo la kulinda ni uhalali. Kwa shahada, tazama mwongozo wa udahili wa mwaka huu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa astashahada na stashahada, tazama orodha ya NACTVET, yaani baraza la taifa linalosimamia vyuo vya elimu ya ufundi. Usitafute jina la chuo tu, tafuta jina la programu yenyewe na sifa zake za kuingilia, kwa maana chuo kinaweza kuwa na ithibati huku programu unayoitaka haimo. Mikopo nayo iulizie mapema: Bodi ya Mikopo huwakopesha wanafunzi wa shahada wenye sifa, lakini kwa stashahada hutaja fani maalumu katika mwongozo wa mwaka husika, na usidhani muziki umo mpaka uusome.

Hayo ya fedha ndiyo baba atakayoyaelewa haraka, kwa hiyo mwandalie hesabu ya miaka yote. Weka ada, malazi, chakula, nauli za likizo, na gharama zinazosahaulika za nyuzi, vitabu vya noti na kinanda cha kufanyia mazoezi ikiwa cha chuo hakitoshi. Lakini katika kulinganisha, usitoe alama kwa kila kipengele kisha ukazijumlisha, kwa sababu jumla itakudanganya. Chuo kisicho na mwalimu wa ala yako hakiwezi kufidia pengo hilo kwa ukumbi mzuri, studio mpya au ada nafuu. Panga hivi: chuo kinachokosa mwalimu wa ala yako, nafasi ya mazoezi au ithibati kiondoe kwanza, hata kama kimekupendeza, vinavyobaki ndivyo uvipime kwa gharama, umbali na moyo wako. Uwe na daftari, uulize maswali yaleyale kila mahali, na uandike majibu usiku uleule kabla hujalala, maana ukifika chuo cha pili sura ya cha kwanza itaanza kuchanganyika nayo.

Kwa safari yenyewe, kuna njia mbili. Ukiteremka kwa treni ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, unaweza kuona Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, siku moja na Bagamoyo siku inayofuata, kwa kuwa ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Makumira iko upande mwingine kabisa, kwa basi kupitia Kondoa na Babati. Kwa vile safari ni moja, tumia simu kuamua uelekeo. Piga Makumira kwanza, uombe kuzungumza na idara ya muziki moja kwa moja, na uulize habari za mwalimu wa kinanda na habari za ilimba. Wakikujibu kwa majina na saa, nenda Arusha, ukae siku mbili ili ufike kwenye kipindi cha ala na kwenye mazoezi ya kwaya. Majibu yakiwa hewani, chukua treni. Maoni yangu, kwa niliyoyasoma katika barua yako, ni kwamba Makumira na Bagamoyo ndivyo vinavyokufaa zaidi, kimoja kwa ualimu na kimoja kwa utendaji, na kile utakachoshindwa kukifikia uombe idara ikuunganishe kwa simu na mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Usiende peke yako. Nenda na baba mwenyewe kama shamba litamruhusu, au shangazi, na umwombe aketi nawe darasani. Mzazi akimsikia mwanafunzi wa mwaka wa pili akipiga, kisha akaambiwa kwamba kijana huyo aliingia akiwa hajui kusoma noti, atakuwa amepata ile sababu aliyokuomba.

Andika barua fupi ya kuomba kutembelea wiki hii, uitume kwa mkuu wa idara na nakala kwa ofisi ya udahili, ukitaja tarehe, ala yako na kipindi unachoomba kuhudhuria.